Nyasi Ndani ya Tuta

Baba yangu alikuwa bingwa wa kuchuja. Sisemi hivyo kumsifu, nasema kwa sababu watu wa Nyaishozi walisema hivyo na ilikuwa kweli. Kwetu wanaume wengi wanakamua ndizi kwa miguu ndani ya mtumbwi wa mti, wanapata juisi, na juisi ikilazwa na mtama inakuwa rubisi, pombe yetu. Lakini harusi ikiwa ya kujionyesha, au mgeni akiwa mkubwa wa kanisani, aliitwa yeye. Juisi yake haikuwa na kitu ndani. Siri yake ilikuwa nyasi. Alipanda mlimani kuzichagua mwenyewe, zile ndefu nyembamba zinazokata mikono, akazifunga fungu, akalikandamiza kwenye shingo ya kibuyu kilichokatwa kitako, na juisi ikapita humo ikiacha takataka zake zote.

Sisi wengine nyumbani tuliishi kwa mateso ya macho yake. Kazi ya kuchuja ya mwisho, ile ya mezani, alinipa mimi, na wageni wakishakaa nilimletea glasi ya kwanza. Aliinyanyua kuelekea mwanga wa mlangoni, akafumba jicho moja, akaitazama kama askari anayekagua kitambulisho. Kisha anasema, "Ina mchanga." Anaimwaga chini, miguuni pangu, na juisi ya ndizi ikikauka kwenye miguu inanata mpaka jioni. "Rudia." Wageni walicheka, naye akacheka nao. Sikumbuki siku hata moja glasi ya kwanza ilipopokelewa.

Siku moja walikuja washenga wa dada yangu, wazee watatu waliovaa makoti mazito juani. Baba aliimwaga glasi kama kawaida yake. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kidogo, kisha hasira ikanipata. Sikuchuja chochote. Nilijaza glasi kwenye jagi lile lile, juisi ile ile, nikarudi nayo nimeishika kwa mikono miwili kama binti mwenye adabu. Aliinyanyua. Aliitazama muda mrefu kuliko siku zote. Akanywa, akapangusa mdomo, akasema, "Sasa sawa."

Nilikuwa darasa la tano au la sita, na tangu siku hiyo nilimdharau kwa raha. Nilijua kwamba jicho lake lilikuwa la kutishia watu tu, halioni kitu. Jambo hilo sikumwambia mtu. Niliishi nalo kama pipi iliyofichwa shavuni, na kila aliponidhalilisha nililigeuza kwa ulimi nikasikia utamu wake.

Nilipopata nafasi ya kusomea ujenzi, alimwambia mama, mimi nikiwa nimesimama hapo hapo, "Mwambie ajifunze kwanza kufagia uwanja." Mama aliangalia chini. Mama yangu ameangalia chini maisha yake yote, na wakati mwingine hilo liliniudhi kuliko maneno ya baba.

Basi nikasoma, nikawa fundi sanifu wa maji, na katika kazi zote nilizofundishwa nikapenda ile ambayo haionekani. Mtu akisimama mbele ya lambo anaona maji na anaona tuta la udongo lililoyazuia, na anadhani tuta kazi yake ni kuzuia maji yasipite. Yanapita. Hakuna tuta la udongo duniani lisilovuja. Maji yanapenya polepole katikati ya chembe, na kupenya si tatizo. Tatizo ni pale yanapotoka upande wa pili yakiwa yamebeba udongo. Leo yanabeba chembe mbili, kesho kiganja, na pale chembe zilipotoka panabaki kitundu, na kitundu kinarudi nyuma kikilifuata lambo ndani ya tuta bila mtu kukiona. Siku kikilifikia, lambo lote linataka kupita hapo. Walio chini hawapati hata muda wa kufungua mlango.

Dawa yake ni ukuta wa mchanga uliosimama ndani ya tuta, kuanzia juu hadi chini, na chini yake njia ya mchanga na kokoto hadi kwenye bomba nje. Hilo ndilo chujio. Mchanga wenyewe unachaguliwa kwa chekeche, kwa sababu ukiwa mnene mno udongo unapita katikati yake, na ukiwa laini mno maji yanakwama. Halafu kuna jaribio ambalo nilifundishwa na sijawahi kuliacha. Unachukua mchanga wenye unyevu, unaushindilia kwenye kikombe, unaupindua kwenye beseni kama mtoto anayetengeneza keki, kisha unamimina maji taratibu pembeni. Mchanga ukibaki umesimama, una vumbi na tope ndani yake, ukatae. Tuta likipasuka, mchanga huo nao utapasuka na kubaki na ufa wake. Unaotakiwa ni ule unaobomoka mara moja, maana huo ufa ukitokea unaanguka na kuuziba.

Miaka michache iliyopita mkandarasi alinipeleka kusimamia lambo la ng'ombe na watu katika bonde lililo chini ya mlima wetu. Chini ya tuta, kufuata bonde, kulikuwa na vibanja vya watu, migomba na kahawa mpaka mlangoni, na nyumba ya kwanza kabisa ilikuwa ya baba yangu na mama yangu. Na mwenyekiti wa kamati ya lambo, aliyechaguliwa kwa makofi, alikuwa baba.

"Shikamoo, tata," nilimwambia siku ya kwanza mbele ya kamati.

"Marahaba. Umekuja kutuchimbia shimo?"

Kamati ikacheka. Nilijua mwezi utakuwa mrefu.

Nilipofanya jaribio la kikombe mbele yao, na mchanga ukabomoka kwenye beseni, nikasema huo ndio mzuri, alipiga goti lake kwa kicheko. "Mnasikia? Anataka mchanga unaoanguka ndio ushike lambo!" Kwa wiki nzima wanawake waliokuja msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, walikuwa wakiniuliza kama nimepata mume anayeanguka. Nilicheka nao, kwa meno tu.

Mchanga mzuri tuliutoa mbali, upande wa Kyerwa, karibu na Murongo. Tuta lilipanda vizuri, udongo ukishindiliwa tabaka kwa tabaka, na katikati yake tukichimba mfereji na kuujaza mchanga. Tulipofika sehemu ya mwisho, ile inayogusa kilima, magari yakaleta mchanga mwingine. Niliutia kikombeni. Ulisimama. Nikauacha wakati nakunywa chai, nikarudi, bado umesimama imara kama nguzo. Nikawaambia madereva wageuze.

Kelele zilizopigwa siku ile sitazisahau. Mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya mlima, mfereji uko wazi, na mimi nakataa mchanga. Katibu wa kamati, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya kusomea matangazo, alisema mbele ya wote kwamba binti wa mwenyekiti anataka mchanga wa peponi. Niliwaambia wasifukie mfereji mpaka nirudi. Nikapanda gari kwenda Murongo kuchagua mchanga kwa mikono yangu mwenyewe.

Barabara ilikuwa mbaya, mvua ilinyesha huko, nikachelewa siku kadhaa. Niliporudi na mchanga wangu, mfereji haukuwepo. Tuta lilikuwa limefungwa, limeshindiliwa, limesawazishwa kama meza. Watu walikuwa wamekaa kwenye majani wakila viazi, na baba yangu alikuwa amesimama juu ya tuta amevaa shati lake la kanisani.

Alishuka kunipokea. Magoti yake yalikuwa mabovu tayari wakati huo, na alishuka upande upande kama kaa. Alinishika mkono. Hajawahi kunishika mkono mbele za watu, si siku ya kipaimara, si siku ya mahafali.

"Usihangaike tena na madereva," alisema. "Nimekuchujia."

Nilimuuliza amechuja nini.

Akanieleza kwa furaha, kwa sauti ya chini, kama mtu anayempa mtoto wake urithi. Watu walikuwa wameanza kunisema vibaya. Walisema ninachelewesha kazi, mvua itakuta tuta wazi, na lawama itakuwa yangu. Hakuweza kuvumilia. Akapanda mlimani na magoti yale, akachagua nyasi, zile zile. Wanawake wakakata, wakashusha mafungu wakiimba. Akaingia mwenyewe mferejini, akazipanga, akazikanyaga kwa miguu yake kama anakamua ndizi, kuanzia chini mpaka juu, halafu wakafukia. "Hakuna udongo utakaopita hapo," alisema. "Mimi najua kuchuja." Kisha akageuka kwa watu, akapaza sauti: "Kazi hii tumeifanya mimi na binti yangu!"

Watu wakapiga makofi. Katibu alipiga makofi kuliko wote.

Nilikuwa nimeisubiri sentensi hiyo tangu nimeanza kutembea. Ilinijia ikiwa imefungwa kwenye nyasi, ndani ya tuta, juu ya kitanda cha mama yangu.

Nyasi kwenye kibuyu zinachuja kwa saa moja, kisha unazitupa. Nyasi ndani ya tuta nani atazitupa? Zitaoza. Zikioza zitasinyaa, na pale zilipokuwa zimejaa patabaki uwazi, njia iliyonyooka kutoka kwenye lambo kwenda kwa jirani wa kwanza. Nilimwambia hivyo kando, chini ya mikaratusi, maneno machache, bila kupaza sauti. Alinisikiliza mpaka mwisho. Uso wake ulibadilika polepole, na niliona kwamba ameelewa. Baba hakuwa mjinga, alikuwa na majivuno tu.

"Basi fukua Jumapili," alisema. "Watu wakiwa kanisani. Kijiko cha kuchimbia kipo, dereva yupo. Mimi nitasema mlisahau bomba."

Kilikuwa kitu kidogo. Jumapili ilikuwa keshokutwa. Dereva wa kijiko angefanya bila kuuliza, na mchanga wangu ulikuwa tayari umemwagwa pembeni. Nilimwangalia akinisubiri nijibu, mikono nyuma. Hajawahi kuniomba kitu.

Nikamwambia haiwezekani. Nilikuwa na sababu, na zilikuwa nzuri. Mvua ilikuwa mlangoni. Na watu wale walikuwa wamekata nyasi zile kwa mikono yao wakiimba. Wasipoona zimeharibika watakwenda kuzitia kwenye lambo lao lingine, na mtu atakufa huko. Sababu hizo ningezisema mbele ya hakimu. Lakini ndani ya sababu zile kulikuwa na glasi zote zilizomwagwa miguuni pangu, nazo zilikuwa zimechoka kusubiri. Wanaonijua husubiri niseme kwamba najuta. Sijuti.

Asubuhi iliyofuata watu walikuja msaragambo wakidhani ni siku ya kupanda majani juu ya tuta. Nikamwambia dereva wa kijiko afungue. Alifungua kwa uangalifu, na zilipotokea nyasi, ukatoka mvuke. Zilikuwa za moto. Zilikuwa zimeanza kulegea na kuteleza, zina harufu ya mtumbwi wa pombe usiooshwa. Nikachukua konzi moja nikainyanyua juu, nikawaonyesha. Nikaminya, maji ya kahawia yakatiririka hadi kwenye kiwiko, na kilichobaki kwenye ngumi yangu kilikuwa kidogo kuliko yai.

"Hizi zilijaza mkono wangu," nikawaambia. "Sasa angalieni nafasi iliyobaki. Nafasi hiyo ndani ya tuta ni shimo, na maji yote ya lambo yatapita humo yakienda kwenu."

Mmoja akauliza, "Nani aliweka?"

Aliyeuliza alikuwa amekata mafungu mengi kuliko wote. Waliokuwa wakiimba waliangaliana kama watu waliokutana siku hiyo. Katibu akajikohoza, akasema kwa sauti ile ya matangazo, "Mwenyekiti ndiye aliyeagiza. Sisi tulishangaa."

Hapo mtu akasema kutoka nyuma, "Mzee, tuziache siku mbili ziive, tunywe!"

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Kila aliyejaribu kunyamaza alimwangalia baba, akaanza upya. Kumbe walikuwa na hamu naye muda mrefu. Kila mmoja alikuwa na mtu wa kwao aliyewahi kurudishwa naye harusini, glasi mkononi, mbele za wageni, na siku ile walimlipa wote kwa mara moja.

Baba alivua viatu, akakunja suruali, akateremka mferejini. Akaanza kutoa nyasi kwa mikono, konzi kwa konzi, akiziweka ukingoni kwa mpangilio kana kwamba zitatumika tena. Kijiko kingefanya kazi ile kwa dakika chache. Dereva alinitazama akisubiri ishara yangu. Sikutoa ishara. Tulisimama wote tukimwangalia mzee mwenye magoti mabovu akiinama na kuinuka, na hakuna aliyeshuka kumsaidia, hata mimi. Alipomaliza, alipanda mwenyewe kwa kutambaa, akachukua viatu vyake akaenda nyumbani navyo mkononi.

Tuliujaza mfereji kwa mchanga unaobomoka. Mvua ikaja. Lambo likajaa mpaka mstari wake, na kule chini bombani yakaanza kutoka maji kidogo kidogo, meupe, hayana hata vumbi. Nilikuwa nikiyakinga kwenye chupa na kuyaacha yatulie, nikatafuta udongo chini ya chupa, nisiuone. Vibanja vyote vya bondeni vilikuwa salama. Migomba ya baba ilinawiri kuliko zamani, na aliipita bila kuigusa.

Uenyekiti walimpa katibu. Jina jipya la baba likawa Mzee Kichujio, na watoto walilisema akiwa mbali kidogo, wakati mwingine karibu. Harusini hakuitwa tena. Walisema wasije wakanyweshwa tuta. Mtumbwi wake wa kukamulia ulibaki nyuma ya nyumba juani, ukapasuka, kuku wakaanza kutaga humo. Niliporudi nyumbani alinijibu salamu na hakuniongezea neno. Mama aliangalia chini.

Sasa mimi naishi Bugene. Mwaka jana mama alinipigia simu kwamba baba hanyanyuki tena, na anakataa maji. Anakunywa chai tu, na maji ya mvua yakiwepo. Maji ya kunywa ya kijiji kizima sasa yanatoka lambo lile, kwenye bomba lile la chini ya tuta, na watu wanayachemsha. Nilipanda bodaboda nikaenda.

Nilimkuta kwenye kitanda walichokisogeza sebuleni, karibu na mlango. Alikuwa amepungua hadi nikamtambua kwa masikio. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Nilimimina maji kwenye jagi, yaliyochemshwa na kupoa, nikajaza glasi, nikampelekea kwa mikono miwili.

Aliipokea. Akainyanyua kuelekea mwanga wa mlangoni. Akafumba jicho moja.

"Ina mchanga," alisema.

Akaimwaga sakafuni, miguuni pangu.

"Rudia."

Damu ilinipanda kichwani. Maji yale nimeyalinda mimi. Nimeyapima kwa chupa, nimeyagombania, hayana mchanga, na mchanga ndio uliomwacha yeye hai kitandani pake. Nilifungua mdomo nimwambie. Kisha nikaangalia midomo yake, nikakumbuka pipi yangu ya zamani. Nikachukua glasi nikatoka. Nilisimama nyuma ya nyumba karibu na mtumbwi uliopasuka kiasi cha muda unaotosha kuchuja. Nikajaza glasi kwenye jagi lile lile, maji yale yale, nikarudi nayo.

Aliinyanyua. Aliitazama muda mrefu. Kisha akanywa yote, polepole, akishika glasi kwa mikono miwili kama mtoto, na nikasubiri aniambie kwamba sasa sawa.

"Ni yale yale," alisema.

Akaendelea kuishika glasi.

"Hata siku ya washenga juisi ilikuwa ile ile. Mchanga ulikuwemo, niliusikia kwenye meno." Alipumua kwanza. "Nilikuona ulivyoingia umeishika. Ulikuwa umelia. Watu wamekaa. Nikasema sasa sawa."

Akanirudishia glasi, akageukia ukutani.

Nilitaka kumwambia kwamba juisi yenye mchanga haiui mtu, na tuta lenye nyasi linaua. Ni kweli. Ningeweza kumwonyesha hapo hapo kwa kikombe na beseni. Nilibaki nimesimama kwenye maji aliyoyamwaga, nikimwangalia mgongo, na mama, pale mlangoni, kwa mara ya kwanza alikuwa ananitazama usoni.